Sadaka ni Miguu

Kutoka Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, hadi Kanisa la Mtakatifu Petro Claver, Barabara ya Race Course, si mbali kwa miguu, lakini sehemu hizo mbili zinaeleza kutoa kwa namna zisizofanana. Nguo nyingi za Gikomba zilianza kama zawadi: mtu wa Ulaya au Marekani alizitoa bure, zikachambuliwa, zikafungwa marobota na kuuzwa mkono kwa mkono, mpaka mchuuzi analinunua robota bila kujua kama ndani kuna kamera, yaani nguo bora, au fagia, yaani zile duni za kufagiliwa. Mtoaji hatamjua kamwe atakayezivaa. Claver, Mjesuiti wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1580, hakutoa hivyo. Meli za watumwa zilipotia nanga Cartagena, katika Kolombia ya leo, alishuka mwenyewe ngamani na chakula, dawa na wakalimani; na alipoweka nadhiri za mwisho mwaka 1622, alijiandika mtumwa wa Waafrika daima. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Maisha yake yanaonyesha kuwa ni miguu pia: sadaka hupimwa kwa umbali ambao mtoaji amekubali kuutembea.

Atakayepinga atasema robota lisilo na uso linalisha familia nyingi kuliko padri mmoja gatini. Ni kweli linalisha, ila kinacholisha ni kazi: ya mchuuzi, ya fundi cherehani, ya msukuma mkokoteni. Tena hapo sokoni muuzaji na mnunuzi hutazamana na kuvutana bei kama watu sawa, jambo ambalo zawadi ile haikuwahi kulifanya. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Claver alifunga vidonda na kuiacha minyororo. Hata wakalimani wake walikuwa watumwa wa chuo cha shirika lake. Alitangazwa mtakatifu Januari 1888, miezi minne kabla Brazili haijafuta utumwa. Doa hili halifutiki kwa ubani. Lakini halithibitishi kwamba kukaribia ni bure. Linathibitisha kwamba kukaribia hakutoshi. Aliyekaa mbali hata kidonda hakukiona, ila aliyekiona anadaiwa swali: nani kafunga mnyororo huu, na mimi nafaidika nini nao? Basi anayekwenda kuomba msaada wa Claver anamtendea haki akilichukua pia deni hilo, alilipe kuanzia pale mtakatifu mwenyewe alipoishia.