Nimeacha Pombe, Mbona Masikio Yalia?

Yako maswali ambayo mtu hamwulizi padri mbele ya watu. Hungoja Misa iishe, waumini waende zao, katekista afunge sakristia, ndipo asogee. Hivyo ndivyo alivyonijia mzee mmoja, fundi seremala, muda mfupi baada ya Pasaka. Jina lake na kijiji chake si neno la kuwapasa wasomaji.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri," akaniamkia. Nilipokwisha kuitikia alinyamaza kitambo, akiizungusha kofia yake mikononi. Kisha akasema: "Pombe nimeiacha, Padri, kama ulivyotuhimiza. Mbona sasa masikio yanalia? Nilipokuwa mlevi nililala. Leo nimekuwa mtu wa maana, silali."

Alikuwa ameiacha Jumatano ya Majivu. Siku za kwanza mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio. Hayo yalipita. Lakini mlio wa masikioni haukupita. Mchana, katika karakana, hakuusikia sana. Usiku, taa ikiisha kuzimwa na nyumba kutulia, ulianza katika masikio yote mawili, mwembamba, usiokoma, kama nyenje wa kiangazi. Mara tatu alikuwa amemwamsha mkewe amwulize kama naye asikia. Mkewe hakusikia kitu.

Nakiri kwamba swali lile lilinichoma, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Katika mahubiri ya Kwaresima ile nilitoa ahadi ambazo sikupewa na mtu mamlaka ya kuzitoa. Nilisema kwamba aachaye ulevi atalala usingizi wa mtoto mchanga, na mwili wake utamshukuru tangu siku ya kwanza. (Kina mama walicheka niliposema usingizi wa mtoto mchanga, sikuelewa upesi kwa nini.) Maneno hayo hayakutoka katika Injili. Yalitoka kichwani mwangu, kwa kuwa ni matamu, nami nilitaka watu waache pombe.

Basi swali ni hili: mtu akitenda jema, kisha akaumia kwa kulitenda, tumwambie nini? Lakini kabla hatujalipima jambo kwa mizani ya maadili, yafaa tuujue mlio wenyewe. Wengi hukosea katika hukumu kwa kuwa walikosea kwanza katika kuelewa.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno, ambavyo hupokea mitetemo ya sauti na kuipeleka ubongoni kwa njia ya mshipa wa fahamu. Vikiharibiwa na kelele za miaka mingi, na uzee, au na dawa fulani, havioti tena. Ubongo, ukikosa habari ulizozoea kuletewa, hutega sikio kwa nguvu zaidi, na katika kutega huko husikia mlio ambao nje haupo. Wazee waliopata kumeza kwinini kwa ajili ya malaria waujua sana mlio huo. Hata mtu mwenye masikio mazima anao. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazuri katika chumba kisichopenywa na sauti, na 94 katika kila 100 wakasema wasikia mlio fulani. Kimya kilikuwa kimeufunua tu.

Sasa mfikirieni seremala huyu, aliyesimama zaidi ya miaka ishirini mbele ya msumeno wa mashine bila kuziba masikio. Yaelekea mlio wake ulikuwako zamani, ila pombe ilimlaza kabla hajapata nafasi ya kuusikia. Tena kuacha kwenyewe huongeza neno. Pombe huitia breki mishipa ya fahamu, na ubongo wa mnywaji wa kila siku, usije ukazimika, hujizoeza kujichochea. Siku breki iondolewapo ghafla, uchochezi hubaki peke yake: mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, mwanga huumiza macho, na sauti ndogo huwa kubwa. Mambo haya huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Mengi hupungua katika juma moja au zaidi kidogo, lakini usingizi mbaya na wasiwasi huweza kukaa miezi.

Hapa sina budi kusema neno ambalo sikulisema katika mahubiri yale, na Mungu anisamehe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza huweza kushikwa na kifafa, au kuweweseka na kuona visivyopo, na wako wanaokufa kwa hayo. Aende hospitali, huko kuna dawa za kumvusha siku hizo, na vitamini B1 ambayo mara nyingi mlevi amepungukiwa nayo. Asikiaye maneno yakimsemesha, wala si mlio tu, apelekwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ambaye sikio moja limekuwa zito ghafla, asingoje juma lijalo. Pengine, namshukuru Mungu, kisa kizima ni nta iliyoziba sikio, na mganga wa zahanati huiondoa upesi. Lakini tusitie njiti ya kiberiti, wala mafuta ya moto, wala majani yaliyopondwa.

Turudi kwa mzee wetu. Alikuwa amekwisha kuletewa majibu matatu, yote bila kuyaomba. Shangazi yake alisema ni adhabu ya Mungu kwa karo za watoto alizozinywa. Jirani alisema sikio likimlia mtu yuko anayemsengenya, na katika hali yake lazima pana zaidi ya kusengenya. Akamtajia mganga, pamoja na bei. Rafiki zake wa kilabuni walisema mwili walia kwa kuikosa dawa yake: anywe kikombe kimoja tu cha kulalia, ataona.

Majibu haya yatofautiana, lakini yote yauchukua mlio kuwa ni ujumbe, kana kwamba mtu fulani ameandika barua akaitia sikioni.

Juu ya adhabu, nawaomba wasomaji wakikumbuke kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walimjia wakiwa na hakika kwamba aumiaye amekosa, wakasema kwa ufasaha mwingi. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Na kama mlio huu ni fimbo, mbona fimbo ilingoja miaka yote ya ulevi ikapiga siku mtu aliporudi nyumbani? Mwana mpotevu alipokelewa kwa pete na viatu. Sisemi kwamba pombe haiachi alama mwilini, huiacha. Lakini tokeo si adhabu. Aangukaye kutoka mwembeni huvunjika mguu, hata ikiwa alipanda kumchumia mgonjwa embe.

Juu ya mganga sitakawia. Mlio ambao hata mke aliye kitandani hausikii haukutupwa na mtu kutoka ng'ambo ya bonde.

Jibu la rafiki wa kilabuni ndilo gumu, nami sipendi walidharau wale ambao hawajapata kukesha. Wako wanaosema kwamba kikombe huupunguza mlio, na wengine kwamba huuongeza. Tuchukulie kwamba kwa mzee huyu huupunguza kweli. Je, ni dhambi mtu kutafuta usingizi? Kanisa halijaita divai kitu kiovu. Twaitumia altareni kila siku. Lakini kikombe cha jirani yake na kikombe chake havilingani. Jirani akinywa kimoja huenda kulala. Yeye hajapata kunywa kimoja katika maisha yake, na hilo alilisema mwenyewe, bila mimi kumwuliza. Tena kimya cha pombe ni cha mkopo: alfajiri breki ikiisha kulegea, uchochezi hurudi, na deni hulipwa pamoja na riba. Atakayeutuliza mlio kwa pombe leo atahitaji zaidi kesho, na mwisho wake twaujua.

Nilipofika hapo katika kufikiri nilidhani nimemaliza. Kumbe sikuwa nimemjibu. Hakuuliza kama arudi kunywa. Aliuliza kwa nini aliyetenda mema halali.

Nilichokiona baadaye ni hiki. Alipokuwa akinywa, yeye alilala na nyumba ilikesha. Mke alisikiliza hatua zake njiani, apime kwa mlio wa viatu amerudi na hali gani. Watoto walijifanya wamelala. Leo mke amelala, watoto wamelala, karo imelipwa, na mwenye kukesha ni yeye. Mema aliyoyafanya yamefika, ila yamewafikia wengine kwanza, na gharama ya usiku yailipa yeye peke yake. Mzigo wa nyumba ile haukuondoka, umehama bega. Kwa hiyo sikuona kwamba swali lake ni manung'uniko, wala upungufu wa imani. Alikuwa na haki ya kudai, si kimya, maana hicho hakuna awezaye kumwahidi, bali kuambiwa kweli na kutoachwa peke yake.

Na hapa nasema na jamaa za nyumba kuliko ninavyosema na wanaoacha pombe. Ni rahisi kumwambia mtu, "Shukuru Mungu umeacha," kisha kugeukia ukutani na kulala. Ni rahisi pia kuudhika naye, kwa kuwa aachaye pombe huwa mkali na mwepesi wa kukasirika miezi ya kwanza, nasi tulikuwa tumemngoja malaika. Mzee huyu hakumwambia mkewe habari za mlio mpaka juma la tano, maswali yale matatu ya usiku akiyasingizia ndoto. Aliona haya. Si yeye wa kwanza: Beethoven, mtunzi mkuu wa muziki, alimwandikia rafiki yake daktari mwaka 1801 kwamba masikio yake yavuma usiku na mchana, na kwamba alikuwa akiwaepuka watu asipate kuwakiri hali yake.

Lililo jema ni kwamba mlio hata usipokoma, kuteswa nao huweza kukoma. Asiyesadiki na amwulize mtu akaaye karibu na mashine ya kusaga unga. Mgeni akilala hapo usiku wa kwanza huruka kitandani: nini hiyo? Mwenye nyumba huuliza: nini ipi? Sauti ni ile ile. Mwaka 1990 mtaalamu Pawel Jastreboff alieleza jambo hili kwa mlio wa masikioni: ubongo hulinda kile ukiogopacho, na mlio uliopewa maana ya hatari hausahauliki, lakini uliokwisha kujulikana kuwa si kitu huachwa polepole nyuma ya mambo mengine. Ndiyo maana majibu ya shangazi na ya jirani yalimdhuru mzee kuliko mlio wenyewe. Kila usiku alikuwa akisikiliza hukumu yake.

Kwa hiyo yasaidia mtu asilale katika kimya kitupu. Redio yenye sauti ya chini kabisa, au feni, hulipa sikio kitu kingine cha kushika. Ambaye masikio yamekuwa mazito apimwe. Kifaa cha kusikilizia huwapunguzia wengi mlio pia. Kwenye mashine aendako kesho azibe masikio, lakini asiyazibe chumbani, maana humo atakuwa anaufungia mlio ndani pamoja naye. Dawa ya kumeza iliyothibitika kuuondoa haijapatikana, na auzaye chupa kwa ahadi hiyo anauza ahadi. Yako lakini mazungumzo na wataalamu wa nafsi, ambayo humfundisha mtu kuuacha mlio ulie bila kuufuata.

Nilimsimulia habari za Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1856 na kufa mwaka 1925, ambaye Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa mwaka 1975. Alianza kunywa akingali mtoto. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha, nayo ilikuwa ya miezi mitatu tu. Ilipokwisha aliongeza mingine, na mwishowe akaahidi kwa maisha yote. Jioni, saa ambazo rafiki zake walikwenda kunywa, alitembea kwa miguu mpaka kanisani, apate mahali pa kuwa. Mzee alipendezwa na ile miezi mitatu. "Mimi nilikuahidi milele siku ya kwanza, Padri," akasema, "na wewe ukapokea."

Tangu hapo nimebadili maneno. Kwaresima iliyofuata niliwaambia wanaotaka kuacha waje pamoja na mke, au ndugu, au mtoto mkubwa, na wapitie zahanati kwanza. Na usingizi sikuutaja. Wachache zaidi walijiandikisha kuliko mwaka uliotangulia. Paroko mmoja jirani aliniambia nimewaogosha watu, na pengine ana haki.

Mzee nilimwona tena juzi, akileta mabenchi ya shule. Masikioni alikuwa na pamba, iliyoungana na vumbi la mbao. Nikamweleza kwamba pamba haizuii kelele za mashine, atafute vizibo vyenyewe. Kisha nikamwuliza kama mlio umekoma.

"Bado, Padri," akasema. "Ila juzi usiku mvua ilinyesha juu ya bati, nikalala."