Wajukuu Zangu, Jiundieni Kicheza Muziki

Wajukuu zangu, ninyi ambao mikono yenu haitulii mkiona waya, nina ombi. Kabla hamjanunua spika nyingine ya dukani, jiundieni kicheza muziki chenu nyumbani. Huenda msiokoe hata shilingi. Lakini chombo ulichokiunga mwenyewe, kikizimika utajua pa kuanzia kukitengeneza. Nyimbo zilizomo nazo ni zako, hazingoji bando wala ruhusa ya kampuni.

Anzeni na bodi ndogo iitwayo DFPlayer Mini. Ina chipu ya kusoma faili za MP3, tundu la memori kadi, na amplifaya inayotosha spika ndogo ya wati 3. Haidai mjue kuandika programu. Pini ya VCC ipewe umeme wa volti 3.2 hadi 5, GND iende upande hasi wa betri, SPK1 na SPK2 ziende kwenye spika. Ongezeni vitufe viwili, kimoja kati ya IO1 na GND, kingine kati ya IO2 na GND. Cha kwanza ukikibonyeza na kukiachia kinarudisha wimbo uliopita, ukikishikilia kinapunguza sauti. Cha pili kinapeleka mbele, na kikishikiliwa kinaongeza. Waya wa spika usiguse GND kamwe, maana utaunguza amplifaya.

Kadi isizidi GB 32, na iwe imefomatiwa kwa FAT32. Vijana wengi hukwama hapo, wakailaumu bodi bure. Tena bodi hii hufuata mpangilio wa kunakili, haifuati majina ya faili. Basi nakilini wimbo mmoja mmoja, kwa zamu mnayotaka usikike.

Sasa betri, na hapa nisikilizeni vizuri. Betri ya lithiamu huweza kuwaka moto. Ichajini kwa bodi ya TP4056, ambayo hukata chaji betri ikifika volti 4.2, na chagueni ile yenye ulinzi wa shoti. Msilehemu waya juu ya betri yenyewe. Nunueni kishikio chake. Iliyovimba au kuchubuka ganda msiitumie, hata kama bado ina umeme. Na msilale mkiwa mmeiacha kwenye chaji.

Kisha fikirini mtaweka nini humo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi moja hubeba maelfu ya nyimbo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alilazimika kuvuka bahari mpaka Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri, na upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu hivi. Ninyi kinasa sauti mnacho mfukoni. Nyimbo za harusi, za unyago, za kubembeleza watoto, ambazo bibi zenu wanazijua kwa moyo, nyingi haziuzwi popote, na wanaozijua wanapungua kila mwaka.

Nendeni kwa bibi. Mwombeni idhini kwanza, kwani nyimbo nyingine si za kusikilizwa na kila mtu. Zimeni feni na televisheni, mrekodini, andikeni jina lake, mahali na tarehe, kisha wekeni nakala ya pili kwenye kadi nyingine, katika nyumba nyingine. Fanyeni hivyo mwezi huu.