Shoka la Kuazima

Soma 2 Wafalme 6:1–7.

Tumezoea kukisoma kisa hiki kwa ajili ya chuma kilichoelea. Lakini angalia kilichotangulia muujiza. Ni wanafunzi, wala si mwalimu, waliotambua kwamba mahali pao pamekuwa padogo. Wao ndio waliopanga: waende Yordani, kila mtu akate boriti, wajenge. Elisha hakuwatolea hotuba juu ya uongozi, aliwaruhusu. Na alipoombwa afuatane nao, akaenda.

Shule zetu nyingi hufundisha uongozi ubaoni. Mwalimu hutaja sifa za kiongozi bora, wanafunzi huziandika, mtihani huziuliza. Si vibaya, Yesu naye alifundisha kabla ya kuwatuma Thenashara wawili wawili (Marko 6:7). Igizo na mjadala husaidia zaidi, maana hapo mwanafunzi hukosea bila kumdhuru mtu. Lakini upungufu wake uko papo hapo: anayejua kwamba hakuna atakayeumia bado hajaonja uwajibikaji.

Ndipo linapokuja swali gumu. Tukimpa mwanafunzi uongozi wa kweli, makosa yake huenda yakalipwa na wengine. Kiranja wa bwalo akikosea hesabu ya sahani, atakayelala njaa ni mtoto wa kidato cha kwanza, siyo kiranja. Je, ni haki kumfunza mmoja kwa njaa ya mwenzake?

Lile shoka lilikuwa la kuazima. Mwenyewe hata hatajwi, lakini hasara ingekuwa yake. Elisha hakumnyang'anya mwanafunzi kazi, wala hakumwambia kwamba hilo litakuwa funzo kwake. Aliuliza lilipoangukia, akakata kijiti akakitupa majini. Kisha, chuma kilipoelea, akamwagiza mwanafunzi akiokote mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mwalimu asiyekwenda Yordani hana ruhusa ya kuwatuma wengine huko. (Kiti cha ofisini, tukubali, ni kitamu.) Kiranja na agawe chakula; mwalimu awepo bwaloni, na sufuria moja iwe imewekwa akiba. Aibu ya kukosea imfikie kiranja. Njaa isimfikie mdogo.

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni kazi gani aliyokabidhiwa kijana ambayo akikosea mtu mwingine ataumia? Nani anafuatana naye?