Sauti Itokayo Ziwani: Asikiaye Ana Deni Gani?

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya swali lionekanalo dogo, walakini si dogo. Mtu akaa mlimani katikati ya migomba, mbali na maji. Hana mtumbwi, wala hajui kuogelea. Lakini anayo redio ndogo, ya namna ile ipitiayo masafa moja baada ya moja na kusimama yenyewe isikiapo sauti. Usiku mmoja asikia watu wa chombo wakiomba msaada ziwani. Je, mtu huyo ana deni gani?

Jambo hili lawezekana kwetu. Redio za vyombo vya majini hutumia mawimbi yaendayo moja kwa moja kama mwanga wa taa. Kilima huyazuia, bali mahali palipoinuka huyapokea toka mbali. Mtu aliye mita 300 juu ya maji, asipokingwa na kitu, aweza kusikia chombo kilicho umbali wa kilometa 70 hivi. Nasi wa Bukoba na Muleba twajua jinsi nchi yetu inavyoinuka juu ya Ziwa Viktoria. Basi mkulima wa milimani aweza kusikia sauti za manahodha asiopata kuwaona kamwe.

Kwanza tuulize kama ni halali kusikiliza. Maneno mengi ya manahodha ni ya kazi tu: upepo, mzigo, saa ya kufika bandarini. Hata hivyo hatukuambiwa sisi. Sheria za redio za mataifa zakataza kudaka bila ruhusa mazungumzo yasiyokusudiwa watu wote, na kutangaza yaliyosikiwa hivyo. Hii ni adabu ile ile ya nyumbani. Apitaye dirishani pa jirani, akasikia mume na mke wakisemezana, hupita kimya, wala hayapeleki sokoni.

Lakini liko neno moja livukalo mpaka huo. Tangu mwaka 1927 mataifa yamekubali neno Mayday liwe wito wa hatari katika redio ya sauti. Hutamkwa mara tatu, nayo chaneli ya 16 imewekwa kwa wito huo na kwa kuitana. Wito wa hatari hauelekezwi kwa mtu mmoja. Ni wa kila alisikiaye. Wazee wa Buhaya hawakungoja mkutano wa mataifa ili kuyajua hayo. Enduru ilipopigwa usiku, hapakuwa na mtu wa kuuliza kama ameitwa kwa jina lake. Jirani alitoka na alichonacho mkononi, akakimbilia ilikotoka sauti. Na aliyebaki kitandani alikuwa na neno la kujibu asubuhi.

Wengine watasema, "Mimi siwezi kitu. Afadhali nizime redio, nisibebe mzigo usio wangu." Twaelewa neno hili, wala hatulidharau. Asiyesikia hana hatia. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilipogonga barafu, meli Californian haikuwa mbali. Lakini mtu wake wa redio alikuwa amekwisha kufunga kazi akalala, wala hakuvunja sheria yo yote ya siku zile. Meli Carpathia, iliyokuwa umbali wa kilometa 100 hivi, ilisikia ikaja, ikaokoa watu zaidi ya 700. Hata watu wa kituo cha Cape Race, katika nchi kavu ya Newfoundland, walisikia. Hawakuwa na mashua ya kufika kule, basi wakaipeleka habari kwa vyombo vingine. Deni lao lilikuwa hilo, nao wakalilipa. Baada ya msiba huo mataifa yalipatana kwamba meli kubwa zisikose mtu wa kusikiliza usiku na mchana.

Walakini tusijidanganye ya kwamba kusikia ni kuokoa. Sisi wa Kagera tumefundishwa hayo kwa machozi, tena mara mbili.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyopimwa kuchukua abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Ilielezwa ya kwamba walionaswa ndani walisikiwa, na chuma kikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliotoboa walisikia, wakahurumia, wakatenda; ila ujuzi na vyombo vya kazi hiyo havikuwapo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika kwanza. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na watu wakatoka. Siku ile ilitangazwa ya kwamba marubani walikuwa hai na wanazungumza na walio nje. Kijana huyo alieleza baadaye ya kwamba alitaka kuvunja kioo cha mbele akazuiwa, akiambiwa kwamba mawasiliano na marubani yapo. Waliokoka 24, wakafa 19, na marubani wote wawili wakiwamo. Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Twasema kwamba mahali pamoja walisikia wakatenda pasipo ujuzi, na mahali pengine walisikia wakangoja. Na pote pawili kilichokosekana kilipaswa kutayarishwa kabla ya siku ile.

Basi jibu letu ni hili. Aliyekwisha kusikia hawezi kurudi kuwa kama asiyesikia. Deni lake si kufanya asiloweza, bali kuipeleka sauti kwa awezaye, upesi na kwa usahihi: jina la chombo, mahali kilipo, hesabu ya watu, saa aliposikia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea simu kwa namba 114. Wala asiichukue sauti ya mtu afaye akaifanya habari ya kuchekesha au kustaajabisha wenzake, maana aliitwa awe msaidizi, si mtazamaji.

Tena liko deni la sisi sote, wenye redio na wasio nayo. Mitumbwi mingi ya wavuvi wetu haina redio. Yowe lao halifiki hata kilima cha karibu. Kabla ya kujivunia masikio yaliyo mbali, yatupasa kuuliza kila mwalo: Yako wapi maboya? Iko wapi kamba? Ni nani atakayetoka usiku, na mafuta ya mashua yake yako kwa nani? Maswali hayo tuyaulize mwezi huu, wakati ziwa limetulia.