Nyumba Inenwayo Kuwa na Majini

Tumeulizwa, je, nyumba ikinenwa kuwa ina majini, yafaa Muislamu kuingia kuichungua na kutafuta sababu? Au kufanya hivyo ni kukanusha ghaibu?

Twajibu kwanza kuwa majini wapo. Hilo limo katika Qur'ani, na sura nzima imeitwa kwa jina lao. Lakini kuamini ya kuwa majini wapo ni jambo moja, na kuamini ya kuwa jini yumo chumba cha juu cha nyumba ya fulani, naye ndiye agongae mlango usiku, ni jambo jingine kabisa. La kwanza tumeambiwa na Mola wetu. La pili tumeambiwa na jirani. Na khabari za watu zataka kuhakikishwa. Ndiyo adabu tuliyofunzwa katika Suratul Hujurati.

Na tutoe kisa kilichothubutu. Mwaka 1912 huko Marekani, mume na mke na watoto wao walihamia katika jumba kubwa la kizamani. Hazikupita siku nyingi wakaanza kuumwa na vichwa na kuchoka; watoto wakapauka, hata mimea ya ndani ikanyauka. Wakasikia nyayo za watu wasioonekana, na wakaona watu wasiowajua. Ingalikuwa kwetu, ungaliletwa ubani, na mbuzi, na mganga. Na mganga angalikula. Ndugu yake mume ndiye aliyewaza jingine, ya kuwa huenda wanavuta sumu wasijue. Ikatazamwa tanuru ya kupashia nyumba moto, ikaonekana mbovu: moshi wake, badala ya kupanda dohani, ulikuwa ukirudi vyumbani. Ilipotengenezwa, nyayo zikakoma. Daktari wa macho, William Wilmer, alikiandika kisa hiki katika jarida la madaktari mwaka 1921, wala hakuwataja watu wale ila kwa herufi moja.

Sumu yenyewe ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hutoka katika makaa yawakapo pasipo hewa ya kutosha, nayo hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko hewa njema tuivutayo. Na sisi tusio na tanuru tunalo jiko la makaa, tuliingizalo chumbani siku za mvua tukafunga madirisha.

Basi asemae kuwa kuchungua ni upungufu wa imani na atwambie: lau baba yule angaliridhika na neno la jini, watoto wake wakafa, angalijibu nini Siku ya Hisabu? Hangalikuwa na udhuru wa ghaibu, maana moshi si ghaibu.

Lakini mchunguzi naye ana fitina yake. Huko Uingereza nyumba ya kasisi ya Borley ilikodiwa mwaka 1937 na Harry Price, akaweka watazamaji 48 kwa zamu, akawapa kijitabu cha kuwaeleza mambo ya kutazamia. Mtu akishaambiwa atasikia nyayo, husikia. Mwaka 1956, Price keshakufa, wachunguzi watatu waliipima kazi yake wakaona ushahidi mwingi ni dhaifu, na yeye mwenyewe wakamtuhumu.

Na liko linalotuuma zaidi. Nyumba ikishanenwa ina majini hushuka thamani. Huachwa ikaanguka, au hununuliwa rakhisi. Na mara nyingi mwenyewe ni mjane, au mayatima wasio na wa kuwasemea. Aliyeanza kunena hulala usingizi, kwa kuwa hakuiba kitu. Sisi twaona ameiba.

Kwa hiyo muulizaji wetu na aingie, kwa idhini ya mwenye nyumba, tena mchana kwanza. Atazame jiko na dohani, atazame dari, popo na panya, na dirisha lisilofungika. Usiku asome Ayatul Kursi, alale. Asipoiona sababu, aseme sikuiona sababu. Asiseme nimemwona jini.