Kusimama Wima: Je, ni Riyaa?

Katika darasa letu la baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza suali ambalo wenziwe walilicheka, nami nikaenda nalo nyumbani. Alikuwa ameitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi, na kaka yake alimnasihi aingie chumbani kifua mbele na mabega nyuma, awatazame watu usoni. Akasema: "Maalim, moyo wangu watetemeka. Nikijinyosha mbele yao hali nina khofu, sitakuwa nimeonyesha nisichokuwa nacho? Na hiyo si riyaa?"

Suali hili si la kuchekwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimwona mtu aliyeinamisha shingo ili aonekane mnyenyekevu, akamkanya, kwani unyenyekevu mahali pake ni moyoni. Basi ikiwa shingo iliyoinama yaweza kusema uwongo, iliyonyoka nayo yaweza vilevile.

Walakini tusichanganye mambo mawili. Mwenye riyaa ataka watu wadanganyike, na moyo wake una nini hilo halimshughulishi. Mwenye khofu anayejinyosha huenda hataki kumdanganya mtu yeyote. Autafutia moyo wake pa kushika. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba bakhili atakaye kuwa karimu hana budi ajilazimishe kutoa, tena na tena, hata kutoa kuwe ndiyo tabia yake. Siku ya kwanza atoapo, mkono watangulia na moyo wafuata nyuma ukinung'unika. Hakuna aliyemwita mtu huyo mnafiki. Na katika hadithi iliyomo katika Sunan za Abu Daud, aliyekasirika hali amesimama ameamrishwa aketi, na hasira isipomwondoka ajilaze. Dawa ya hasira hapo imeanzia mwilini.

Wataalamu wa Magharibi nao wamelizungumza jambo hili kitambo. William James, Mmarekani, aliandika mwaka 1884 kwamba sisi hatutetemeki kwa sababu ya khofu, bali twaona khofu kwa sababu twatetemeka. Alizidisha, kwa maoni yangu, lakini hakukosea kabisa. Mwaka 2010 wataalamu watatu wa huko Marekani walitangaza kwamba mtu akikaa dakika mbili kwa kujitanua, hujiona ana nguvu zaidi, na hata homoni za mwili wake hubadilika. Waliojaribiwa walikuwa watu 42 tu. Khabari hiyo ilienea duniani, watu wakafundishwa kusimama chooni mikono kiunoni kabla ya kwenda kuomba kazi! Mwaka 2015 wengine walilirudia jaribio hilo kwa watu wapatao 200: homoni hazikubadilika, ila watu walisema kweli walijiona wana nguvu kidogo. Mwaka uliofuata, mmoja katika wale watatu wa kwanza akasema hadharani kwamba haamini tena. Namsifu kwa hilo. Wangapi katika sisi waliwahi kusimama wakasema, "Nililolifundisha si sahihi"?

Lililobaki baada ya majadiliano hayo ndilo linalotuhusu khasa. Majaribio mengi yalimlinganisha aliyejitanua na aliyejikunja, yakamwacha yule akaaye kawaida. Walipokuja kumtia naye katika hesabu, ilidhihirika kwamba tofauti kubwa ilitokana na madhara ya kujikunja. Faida ya kujitanua ilikuwa ndogo mno.

Hilo mimi nalisadiki, kwa kuwa lilinipata. Miaka mingi iliyopita nilikwenda ofisi moja kutafuta karatasi ya mzazi wangu. Nilingoja tangu asubuhi, na kila alipopita mkubwa nilijikunyata kidogo zaidi. Nilipoitwa dirishani nilikuwa nimeinama kama mwenye deni. Karani alinieleza mambo matatu ya kuleta, nilisikia moja. Sikuthubutu kumwuliza tena, nikarudi nyumbani, na siku mbili nyingine zikapotea. Karani yule hakunitukana. Mimi mwenyewe ndiye niliyejifanya mdogo hata masikio yakafunga.

Hapa yapasa tujihadhari na vitabu vya watu wengine. Vitabu hivyo vyasema asiyekutazama machoni hajiamini. Kwetu sisi mtoto aliyelelewa vyema huinamisha macho mbele ya babu yake, na hiyo ni adabu, si woga. Ana khofu gani kijana ambaye babu akimaliza kusema hueleza haja yake kwa sauti ya kusikika? Aibu ni yetu tunaowapiga watoto chuoni mpaka wajikunyate wasikiapo hatua za mwalimu, kisha tukaita mkunyato huo heshima. Mtoto huyo atauchukua mgongo wake huo hata mbele ya karani, na mbele ya kila mwenye sauti kubwa kuliko yake.

Wengine watasema kujinyosha ni kiburi, na kwamba Luqman alimkanya mwanawe kutembea kwa maringo. Ni kweli. Lakini mwenye maringo na mwenye kujikunja wafanana katika jambo moja: wote wawili wameshughulishwa na jinsi watu wanavyowaona. Na tutazame sala zetu. Twarukuu, kisha haituswihii kwenda sijda mpaka tumerudi wima na kutulia. Madhehebu yetu ya Shafi'i yaihesabu itidali hiyo kuwa ni nguzo. Anayeinuka nusu kisha akashuka, sala yake ina kasoro. Mgongo uliokwisha kuinama mbele ya Mola wake umeamrishwa unyoke.

Simsemi mwenye kibyongo, wala mzee aliyepindwa na magunia ya bandarini. Mamlaka ya mtu juu ya mgongo wake yana mpaka, na wako wazee wa namna hiyo ambao hakuna mkubwa awezaye kuwanyamazisha.

Yule kijana nilimjibu juma lililofuata. Nilimwambia: "Mwanangu, usijitanue. Keti kama uketivyo mbele ya baba yako ukimweleza jambo la kweli, miguu chini, mgongo usiegemee khofu. Khofu ikikujia, iache ije, lakini usiipishe kiti." Alikwenda. Kazi hakuipata, alipewa mwingine mwenye elimu zaidi. Lakini aliniambia kwamba safari hii maswali yote aliyasikia hata mwisho, na moja ambalo hakulifahamu aliwaomba walirudie.