Mchango wa Mwenye Mikono Mitupu

Masika yakiisha na upepo wa kusi ukishika njia yake, watu wa Rufiji na Kibiti huanza kuitana. Miezi ya kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, ndiyo miezi ya arusi, ya kuwatoa wali nje, ya jando, na ya hitima za wale waliozikwa wakati wa mvua, jamaa zao wa mbali wasiweze kufika. Ndani ya miezi hiyo zimo Saba Saba na Nane Nane, sikukuu za taifa; na katika sharika zetu imo Sikukuu ya Mavuno. Kila mahali pana mwaliko, na kila mwaliko una mchango wake. Basi twataka kuliangalia swali moja ambalo watu huulizana nyumbani kwa sauti ya chini, wala hawalitoi mkutanoni: mtu asiye na kitu cha kuchanga, je, aende katika mkusanyiko, au akae kwake? Tena akikaa kwake, kosa ni la nani?

Kwanza yafaa tukumbuke kwa nini mikusanyiko ya kwetu huangukia wakati huu. Si desturi iliyotungwa na mtu mmoja. Mto ndio uliopanga. Maji yanapojaa bondeni wakulima huulinda mpunga wao, na wengi hukaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili wawafukuze ndege, nguruwe na nyani. Maji yakipungua mpunga huvunwa. Kisha katika udongo uliobaki na unyevu hupandwa mazao ya mlao, kama mahindi, kunde na maboga. Hapo ndipo ipatikanapo nafasi ndogo: chakula kimo ghalani na njia zimekauka.

Tena watu wetu wametawanyika sana. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni, ikawapeleka katika vijiji vya nchi ya juu. Na tangu hapo mtu aweza kuwa na nyumba upande huu, na shamba lake liwe mwendo mrefu upande ule. Na huko kwenye delta, katika vijiji vilivyozungukwa na mikoko kama Salale, Mbwera na Kiongoroni, safari ni ya mtumbwi au mashua, na msafiri hana budi kungoja maji ya bahari yajae. Kwa hiyo watu wa nchi hii wakionana, hawaonani bure. Kukusanyika kwao wamekulipia kwa miguu na kwa makasia kabla hawajatoa hata senti moja.

Wala hatusemi kwamba mchango ni jambo baya. La, ni hekima ya wazee wetu. Arusi hailishwi na mtu mmoja: huyu huleta kuku, huyu pishi ya mchele, huyu nazi, na mwingine fedha za kukodi turubai na viti. Aliyechangiwa leo hukumbuka, na kesho humchangia mwenziwe. Deni hili halina hati, lakini limewafunga watu pamoja kuliko hati nyingi. Mtu anayedaiwa na jirani zake, naye akawadai, hawezi kuhama kimya kimya, wala hawezi kufa akakosa wa kumzika. Mwenye kulidharau deni hilo hajayajua maisha ya kijiji.

Lakini angalieni jinsi jambo jema linavyoweza kugeuka. Majina huandikwa katika daftari, na mahali pengine daftari husomwa mbele ya watu wote: fulani elfu hamsini, fulani elfu ishirini, fulani ahadi. Sasa tuseme yuko mkulima wa bondeni ambaye mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji yalilifunika shamba lake, kama yalivyoyafunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Mpunga hakuuvuna. Mbegu za mlao alizipata kwa kukopa. Kipupwe kikaja, na pamoja nacho ukaja mwaliko wa arusi ya mtoto wa jirani yake, ambaye tangu utoto wamevua samaki pamoja. Mkulima huyu atamani sana kwenda. Lakini alikumbukapo daftari, asema ana homa, akakaa ndani. Wengine wasadiki kwamba ni mgonjwa. Wengine wasema ana maringo. Mwaka wa pili haletewi mwaliko, kwa kuwa mwaka wa kwanza hakuonekana. Hivyo mtu aliyepokonywa mpunga na maji amepokonywa na majirani zake kwa aibu. Na hasara hii ya pili yaipita ile ya kwanza, maana mpunga hupandwa tena.

Hakuna mtu aliyemfukuza mkulima huyo. Hata hivyo ametoka katika jamii ya wenziwe. Hapo ndipo ilipo shida ya swali letu, kwamba kosa limetendeka, wala hakuna mkono ulioonekana ukilitenda.

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo karibu sana, na tofauti yake ni kubwa: kukusanyika na kukusanywa. Wakusanyikao huja kwa mioyo yao. Wakusanywao huletwa na nguvu ya mwingine. Nchi hii yaijua tofauti hiyo. Wakati wa Wajerumani watu walikusanywa na maakida na majumbe ili walime pamba katika mashamba yaliyoitwa ya watu wote, na malipo yao yalikuwa madogo mno. Kazi ile iliitwa ya pamoja, bali upamoja haukuwamo. Watu hao hao walikusanyika kwa hiari yao huko Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, makundi kwa makundi, wakiitumaini dawa yake ya maji. Dawa ile haikuwaokoa. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Na hata vita vilipokwisha mwaka 1907 watu makumi ya maelfu walikuwa wamekufa kwa silaha na kwa njaa. Habari hii hatuitaji ili kuisifu dawa, bali twaona kwamba mtu aliyechoka kukusanywa atatafuta mahali pa kukusanyika, ijapokuwa ni mahali pa hatari. Haja hiyo Mungu ameiweka ndani yetu, nayo haifi.

Vivyo hivyo kuna kuchanga, na kuna kutozwa. Achangaye hutoa alicho nacho kwa kuwa yu pamoja na wenziwe. Atozwaye hulipa ili aruhusiwe kupita. Basi mchango unaotangazwa hata asiye nacho aone haya kuingia umekwisha kuwa kodi, ingawa hakuna askari mlangoni. Na mkusanyiko wa kodi, ujapokuwa na ngoma na pilau, ni mkusanyiko wa watu waliokusanywa.

Isidhaniwe kwamba twawanena wengine tu. Katika Sikukuu ya Mavuno mazao hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Twaupenda mnada huo. Una furaha na kicheko, na kuku mmoja aweza kununuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, hata akaufaa usharika kuliko mbuzi. Lakini nyuma ya wanunuzi husimama mjane aliyeleta mayai mawili, na nyuma ya mjane hayuko yule ambaye hakuja kabisa. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliwakemea watu waliokula vyakula vyao pasipo kungojana, huku wenzao wasio na kitu wakitahayarika. Hakuwaambia waache kukusanyika; aliwaonyesha kwamba karamu ya namna ile si ya Bwana tena. Na Bwana mwenyewe, katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, alimfundisha mwenye nyumba awaalike wale wasioweza kumlipa.

Neno hili la pili ni gumu kwetu, kwani tumekwisha kusema kwamba mchango wa kijiji umesimama juu ya kulipana. Je, Injili yalivunja deni la majirani? Twaona kwamba hailivunji. Lakini yataka katika kila karamu pawe na nafasi ambayo deni lake halihesabiwi, wala mwenye kuikalia hatajwi. Sherehe isiyo na nafasi hiyo ni biashara iliyovaa nguo za furaha.

Mtu atasema, “Mkifungua mlango namna hiyo, wavivu watakula jasho la watu, na mwenye arusi ataachiwa deni la dukani.” Hoja hii si ya kuchekwa, maana watu wa namna hiyo wapo, na deni la dukani hulipwa kwa machungu. Lakini fikirini mambo mawili. La kwanza, mvivu haoni haya. Yeye huja hata daftari likisomwa, huketi mbele, na huondoka na kifurushi chake. Aibu humzuia mwenye heshima peke yake. Basi daftari lisomwalo kwa sauti ni mtego ambao mjanja huuruka, na mnyofu akanaswa. La pili, gharama ya sherehe si kama mafuriko yashukayo kutoka juu ya mto. Sisi wenyewe ndio tuipandishayo. Kama katika mwaka wa hasara sherehe imekuwa kubwa kuliko nguvu za kijiji, maskini si mzigo. Sherehe yenyewe ndiyo mzigo.

Tena sisi tumekwisha kufundishwa, kwa njia ya uchungu, thamani ya mtu kuwapo. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na watu wengine waliuawa katika Kibiti na Rufiji. Na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakauawa katika wilaya ya Kibiti. Mwaka huo pikipiki zilikatazwa kutembea usiku. Katika hofu kama ile, mtu aliyetoka kwake akaenda kuketi na wafiwa alikuwa ameleta zawadi kuliko gunia la mchele, maana alijileta mwenyewe. Kama kuwapo kwa mtu ni zawadi wakati wa hofu, kwa nini kuwe si kitu wakati wa amani?

Wala katika jambo hili Wakristo tusijione kuwa walimu tu. Huku sisi ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu walio wengi, na mara nyingi sisi ndio wageni. Twaitwa katika arusi zao na misiba yao, twapewa nafasi jamvini pamoja na jamaa. Mgeni wa namna hiyo hujifunza jambo ambalo mwenyeji husahau upesi: ya kuwa kupokea nako kwataka unyenyekevu, na ya kuwa kukaribishwa vema hakuwezi kulipwa kwa fedha.

Kwa hiyo twamwambia na ndugu yetu mwenye mikono mitupu: nenda. Kosa la daftari si lako, lakini angalia moyoni mwako, maana kiburi nacho hupenda kujiita aibu. Ukiwa na nguvu, chota maji, pasua kuni, kuna nazi, wapokee wageni wafikao na mtumbwi. Na kama u mzee au mgonjwa, nguvu za kazi huna, nenda ukaketi. Kazi nayo isigeuzwe kuwa kodi ya pili.

Nanyi wazee wa kanisa na wainjilisti, mambo machache yamo katika uwezo wenu kipupwe hiki. Daftari na liandikwe ili hesabu iwe safi, ila lisisomwe. Kabla ya sikukuu mwendeeni nyumbani yule aliyepata hasara, mkamwalike kwa kinywa, wala msitaje mchango. Baada ya mnada itolewe sehemu ya chakula iliwe na wote, kabla wanunuzi hawajaondoka na vyao. Na mnapoichagua siku, waulizeni majirani, msije mkaiweka siku ya msiba au ya arusi yao. Tena ulizeni habari za maji, ili watu wa visiwani wapate kuja na kurudi.

Kanisa letu lahubiri kwamba tumekaribishwa na Mungu kwa neema tu, tulipokuwa hatuna cha kumletea. Aliyekaribishwa hivyo awezaje kuweka ada mlangoni pake? Basi siku ya kukusanyika itakapofika, tusianze kwa kuhesabu vilivyoletwa. Tutazame kwanza ni nani ambaye hayupo, na mmoja wetu aondoke akamwite, chakula kingali motoni.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.